Mafuriko ya mto Sabaki: pampu kwanza au mbegu kwanza?

Kijana wa Garashi
Hamjambo wenzangu. Maji yameshuka, shamba la mama limeonekana tena, ila silitambui. Upande wa mto mchanga unafika magotini. Huku juu ni tope jekundu, laini. Mahindi yameozea wima, mipapai imelala. Pampu ya petroli tuliipandisha kwenye kichuguu, maji yakaifuata huko huko.

Shamba likiharibika mimi hukimbilia kibarua chumvini Gongoni, kwenye mabwawa ya kukaushia maji ya bahari. Safari hii nako mvua imeingia mabwawani, vibarua tumeambiwa tungoje simu. Nina pesa za jambo moja tu. Nitengeneze pampu au ninunue mbegu?

Fundi Mambrui
Usiiwashe hiyo pampu! Ukivuta kamba na maji yamo kwenye silinda utapinda konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Toa plagi, zungusha injini polepole maji yatoke, mwaga oili, safisha tangi na kabureta. Mchanga ukiwa umeingia ndani, ilete.

Mama Chakama
Mbegu, mwanangu. Pampu ya nini na ardhi ingali na unyevu? Hilo tope ni udongo wa bara, umeteremka na mto Athi, ndio huu huu Sabaki wetu, kutoka huko Machakos. Wao wamepoteza, sisi tumepata (wenye hoteli Malindi wanalia bahari imekuwa nyekundu, shauri yao). Tope likianza kukanyagika tia kunde na pojo; majani ya kunde mtachuma mapema. Kwenye mchanga usipoteze mahindi, weka viazi vitamu au tikiti. Muhogo uliokaa majini ng'oeni leo, mmenye, mwanike makopa. Na maji ya kisima chemsheni, vyoo vyote vilifurika.

Kibarua Marereni
Chumvini usitegemee upesi. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita, huhamishwa bwawa hadi bwawa yakaushwe na jua na upepo mpaka yakolee. Mvua ikiyazimua, kazi ya miezi imerudi nyuma. Ya mvua huelea juu, wakiwahi kuyafungulia huokoa kiasi. Watakaoitwa kwanza ni wa kujenga kingo, wavunaji baadaye sana. Nenda getini mwenyewe asubuhi, simu hiyo haipigwi.

Kijana wa Garashi
Shukrani. Mama kasikia kunde, keshashika jembe. Fundi, nimefungua nati ya oili, kimetoka kitu kama chai ya maziwa.

Fundi Mambrui
Oili imechanganyika na maji. Mwaga yote, tia mpya, iwashe dakika chache, mwaga tena.