Tupeane uzoefu: waifai inajaa sebuleni, ukiingia chumbani inakata. Wewe ulifanyaje?

Kijana wa Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Jirani yangu kahamishia meza ya kazi sebuleni, watoto wanapiga kelele, yeye yuko kwenye kikao. Chumbani kompyuta yake haikamati. Nyie mlijinasuaje?

Mama Koku: Umenigusa pabaya. Baba alizikwa Bukoba mimi nikiwa Muscat, sikupata ruhusa kazini. Wakanirushia kwa video. Chumba changu cha nyuma, ukuta zege na nondo, na ruta, kile kiboksi kinachorusha waifai, mwenye nyumba kaifungia kwenye kabati la chuma mlangoni. Misa niliiona vizuri. Jeneza linashushwa, kaka kainama kuchota udongo, picha ikaganda, mkono uko hewani. Sauti inakuja vipande vipande. Nikabeba kompyuta mbiombio hadi koridoni, nikapiga magoti mbele ya lile kabati. Iliporudi, watu wanaweka mashada. Nililia sana.

Mzee wa Ngamia: Pole sana binti. Mungu ampumzishe mzee.

Tumaini255: Pole dada.

Fundi Mawimbi: Pole sana. Chuma kinazuia mawimbi, ndiyo maana. Hata tangi la maji na kioo kikubwa ni shida. Ruta ikae wazi, juu, katikati ya nyumba.

Kasi Tu: Wahamie 5GHz, ile bendi ya pili ya mawimbi ya waifai, mambo yaishe.

Fundi Mawimbi: Usipotoshe watu. 5GHz ina kasi, ila ukutani inachoka mapema kuliko bendi ya 2.4GHz.

Kasi Tu: Kwangu vyumba vinne na inafika kote. Usinifundishe nyumba yangu.

Fundi Mawimbi: Kuta za nini? Mbao?

Kasi Tu: Acha dharau mkuu.

Tumaini255: Jamani, mwenzenu kasimulia msiba!

Dada wa Ghorofani: Mimi nilinunua ripita, kile kifaa cha kudaka waifai na kuirusha mbele. Mistari ikajaa, spidi ikashuka karibu nusu, maana inapokea na kutuma kwa redio ile ile. Kilichosaidia ni kubadili chaneli ya ruta, yaani njia ya mawimbi ndani ya bendi. Kwa 2.4 chagua 1, 6 au 11, hizo haziingiliani. Jengo zima tulikuwa tumerundikana kwenye 6.

Kijana wa Mbagala: Na kompyuta ya mezani?

Mzee wa Ngamia: Kile kipokezi cha USB usikichomeke nyuma, boksi la chuma linakikinga. Tumia waya wa kurefusha, kiweke juu ya meza.

Kasi Tu: Au mhamishie kitanda sebuleni 😂

Mama Koku: Asanteni wote. Mdogo wangu alirekodi, nikatumiwa baadaye, lakini si sawa na kuwepo. Wiki ile ile nikavuta waya wa mtandao, ule wa Cat6, kutoka kwenye ruta hadi chumbani. Unafika mita 100, na kompyuta haijakatika tena.

Kijana wa Mbagala: Mwenye nyumba alikubali utoboe?

Mama Koku: Sikutoboa. Umepita pembeni mwa fremu ya mlango kwa klipu za plastiki za kubandika. Nunua ule bapa, mlango unafunga vizuri.