Naomba ushauri: tangazo la 3D nililojitungia mwenyewe

Habari zenu wakuu. Nipo Dar, huu mwaka wa tatu najifunza Blender, programu ya kutengeneza picha na video za 3D. Nimetengeneza tangazo la sekunde 30: chupa ya juisi ya ukwaju inachomoka kwenye barafu. Kinywaji chenyewe hakipo, nimekibuni tu. Kurenda (kompyuta kugeuza kazi ya 3D kuwa video kamili) kwa Cycles, injini ya Blender ya kazi hiyo, kulikula siku 11, feni ya kompyuta ikilia kama jenereta.

Video hiyo nimeituma kwa studio nne. Moja tu ndiyo ilijibu: "Kazi safi, mteja alikuwa nani?" Nikasema ukweli, wakanyamaza mpaka leo.

Je, niandike kwenye video kwamba hakuna mteja, au nisubiri kuulizwa? Na nitume video nzima, au sekunde 10 pamoja na picha za waya (zinazoonyesha mistari ya umbo la 3D bila rangi) kuonyesha nilivyoijenga?