Kikofia cha katikati ya spika kimebanduka, besi inakwaruza

Ngosha_Igoma
Wakuu habari za jioni, naomba msaada wenu. Nna spika ya kwaya yetu hapa Igoma, inchi 12, koni (ile sehemu inayotikisika) ya karatasi. Tangu wiki iliyopita gitaa la besi likipigwa inatoa mlio kama nyuki kanaswa ndani ya kopo, ila watu wakiimba bila vyombo imetulia kabisa. Jana nimefungua wavu nikakuta kile kikofia cheusi cha katikati kimebanduka kama robo ya mzunguko, ukikipuliza kinanyanyuka. Kijana mmoja mtaani kaniambia tia supa gluu matone mawili kazi imeisha, mwingine anasema kitoe tu, kile ni urembo. Hii spika tumeichangia kidogo kidogo miezi kumi na Jumapili tunavuka kwenda Sengerema kuimba na wenzetu, naogopa kuiua mimi. Nifanyeje?

fundi_mabatini
Mkuu supa gluu usiguse, nakuomba. Ile ni nyepesi kama maji, ikipita chini ya kikofia inatambaa yenyewe mpaka kwenye koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ndani ya sumaku), ikikauka koili imeganda na sumaku na hapo spika ndo basi tena. Hata isipofika huko inakauka ngumu kama kioo, na koni inatikisika muda wote kwahiyo itapasuka tu urudi palepale.

Kwanza hakikisha ni kikofia kweli. Chukua simu, pakua programu ya kutoa sauti za hezi (mitikisiko kwa sekunde, namba ikiwa ndogo ndo besi nzito), anza hezi 40 panda taratibu mpaka 100, volyumu chini. Mlio ukitokea gusa kikofia na ncha ya kidole, usikandamize. Mlio ukikatika ndo chenyewe. Usipokatika angalia zile nyaya mbili laini za kusuka zinazotoka kwenye koni, zikilegea zinapiga koni na mlio wake unafanana sana. Halafu zima kila kitu, weka vidole vyote kuzunguka kikofia, sukuma koni ndani sawasawa polepole huku umetega sikio. Ukisikia kama msasa, koili inagusa, gundi haitakusaidia.

mvuvi_kirumba
Kuhusu kukitoa, sikiliza yaliyonikuta kaka. Mimi nilikitoa nikaacha wazi, spika iko kibandani na jirani ni wachomelea mageti. Zile chenga za chuma wanazokata zinaruka, sumaku inazivuta zenyewe. Siku nachungulia na tochi nikaona pale katikati pameota kama ndevu, chenga zimesimama kabisa, na nafasi ya koili ile haifiki hata milimita moja kila upande. Nilichokonoa na selotepu siku nzima, nyingine hazikutoka, mpaka leo inakwaruza. Ukijumlisha wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, acha kabisa hilo wazo la urembo.

fundi_mabatini
Umesema kweli mkuu. Sasa Ngosha, kama koili iko salama usikibandue chote, palipoachia ndo pa kushughulika napo. Safisha ukingo kwa brashi kavu ukifagia kuelekea nje. Gundi tumia ile nyeupe ya maseremala, kwenye karatasi inashika vizuri (ingekuwa koni ya plastiki ningekukataza, haishiki). Chovya kijiti cha meno, nyanyua kikofia kidogo, pitisha mstari mwembamba chini ya ukingo. Kidogo kabisa, ikizidi itadondokea ndani. Bonyeza kwa kidole kuzunguka, shikilia na vipande vya ile selotepu ya karatasi ya wapaka rangi, ilaze ikitazama juu, usiiwashe mpaka saa 24 zipite. Kama kikofia kina kitambaa chenye matundu usiyazibe, koili inapumulia hapo.

dada_alto
Niulize hapohapo fundi, cha sabufa yangu hakijabanduka ila mtoto kakibonyeza kimeingia ndani, kinaharibu sauti?

fundi_mabatini
Dada kama hakikwaruzi na hakijachanika sauti utaisikia ileile, ni muonekano tu. Ukitaka kirudi bandika selotepu pale palipobonyea uvute polepole, usitumie sindano.

Ngosha_Igoma
Jamani nimerudi. Hezi 55 ndo ilikuwa inalia, nikagusa ikapungua lakini haikuisha, nikahangaika sana mpaka nilipogeuza spika nikakuta waya mmoja umelala kwenye koni. Nimeukunja ukae mbali, nikagundisha kikofia jana saa kumi na mbili jioni, leo saa mbili usiku nimepandisha kutoka 40 mpaka 100, kimya. Nimekaa nayo sebuleni peke yangu nasikiliza, raha niliyoipata siwezi kueleza. Wabeja sana fundi, na wewe mvuvi pia. Sasa hivi nairudisha kwenye boksi.

fundi_mabatini
Safi sana. Skrubu kaza kwa kupishana, hii halafu ya upande wa pili. Na mkono mmoja uweke juu ya koni kama ngao, sumaku inavuta bisibisi ghafla, koni nyingi nimeziona zimetobolewa dakika hiyo ya mwisho.