Majirani Kimara, Dar es Salaam: msafara wa baiskeli

Mama Imani: Habari za jioni majirani, jmn naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ndefu. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, Umoja wa Mataifa waliipitisha 2018. Sasa mi nawaza, mtaa huu watoto wetu wanaenda shule na baiskeli, kuna baba zetu wanatafuta riziki na baiskeli, lakini hatujawahi hata siku moja kutoka wote kwa pamoja tukaonekana. Naomba wikiendi hiyo tufanye msafara, tunatoka hapa tunashuka Morogoro Road mpaka Magomeni tunarudi. Watoto, kina mama, wazee, wote

Fundi Baiskeli: Mi nipo mama 🙏🏾

Dada Rehema: Mimi pia!! Nilikaa Kigali miaka miwili, kule Jumapili mbili kila mwezi wanafunga barabara asubuhi magari hayapiti, watu wanakimbia, wanaendesha, hadi presha unapimwa palepale bure. Mwanangu wa kwanza kajifunzia baiskeli katikati ya lami wallah, mi nimesimama tu pembeni namwangalia wala sina wasiwasi. Hiyo raha sijaipata tena tangu nirudi

Kaka Frank: Nairobi nao wana Critical Mass, Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanajaa barabarani na baiskeli mamia. Ilianza San Francisco 1992. Na Bogotá kule Kolombia ndo baba lao, walianza 1974, siku hizi kila Jumapili zaidi ya kilomita 100 za barabara zinafungwa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana

Mama Eliya: Wazo zuri ila Jumamosi sie tuko kanisani, ni sabato

Mama Imani: Basi iwe Jumapili mama Eliya, hatuachi mtu. Wa misa watakuwa wametoka, tuanze saa tisa na nusu alasiri, jua limepoa kidogo

Mjumbe: Jumapili tarehe 7 sawa. Ila msafara barabarani lazima polisi wapewe taarifa ya maandishi, sheria inasema saa 48 kabla, mi nashauri tupeleke wiki nzima kabla ili watupe na trafiki wa kutuvusha. Kesho naongea na mwenyekiti wa mtaa atupigie muhuri

Baba Shani: Naomba kuuliza kwa nia njema kabisa. Njia ya baiskeli si tunayo pembeni ya barabara ya mabasi ya mwendokasi tangu 2016? Na Dar 2018 tulipewa ile tuzo ya dunia ya usafiri, mji wa kwanza Afrika kuipata. Sasa tukitoka tunadai nini, nisije nikaulizwa nikakosa jibu

Kaka Frank: Swali zuri hilo. Baba wa Mikate upo? Wewe ndo unaijua ile njia kuliko sisi wote

Mama Imani: Shikamoo Baba wa Mikate, tusaidie

Baba wa Mikate: Marahaba wanangu. Kuandika nachelewa mnivumilie. Njia ipo na mimi naishukuru, kabla yake tulikuwa tunabanana na malori ya mikoani unasikia upepo wake mgongoni. Tatizo inakatika. Mimi natoka bekari saa kumi alfajiri na kreti nne kwenye keria, ukishuka nazo kupandisha tena ni kazi, sasa unaendesha vizuri unafika mlango wa sheli njia imeisha, mbele inaanza tena lakini kingo iko juu huwezi kupanda lazima ushuke uinue. Unaenda kidogo mfuniko wa chemba haupo. Unaenda kidogo meza za biashara, siwalaumu wale kina mama nao wanatafuta, sehemu ya kuuzia hawajapewa. Pale Ubungo kwenye flaiova huwa nashuka nakokota mpaka nivuke. Na bodaboda wanaingia humohumo tena wengine wanakuja kinyume, mwaka jana mmoja hana taa alinivaa nikaanguka na mikate yote, mkono uliteguka wiki tatu sikutoka ndani

Mama Eliya: Pole sana baba, kumbe ndo ulivyoumia

Baba wa Mikate: Ahsante mwanangu. Na hiyo ni barabara kubwa. Kutoka hapa nyumbani mpaka kuifikia barabara kubwa hakuna kitu kabisa, na humo ndo wanapopita watoto

Baba Shani: Nimeelewa baba, nimeelewa kabisa. Jibu ninalo

Dada Rehema: Tuchange tisheti za rangi moja tupendeze?

Mama Imani: Rehema mdogo wangu nakuelewa lakini hela ya tisheti mi naona tununue chaki, na taa za nyuma za watoto wasio nazo. Nimesoma ya Baba wa Mikate mara mbili nikapata wazo hili: siku hiyo yeye atangulie mbele kabisa. Kila sehemu anayoshuka, tunashuka wote. Tunachora duara kwa chaki, Frank anapiga picha, anaandika ni kituo gani karibu. Hata tukiwa 60 tunashuka wote 60, waliomo kwenye mabasi waone inakuwaje

Kaka Frank: Mama hiyo kali!! Halafu picha zinaingia kwenye barua. Na barua ziwe mbili maana Morogoro Road ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, ila hizi za mtaani ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tukichanganya kila mmoja ataona sehemu kubwa haimhusu

Mjumbe: Andika rasimu Frank, iwe fupi. Waombwe vitu vinavyofanyika: kingo zishushwe, nguzo fupi za zege ziwekwe mwanzo wa njia ili pikipiki isipite baiskeli ipite, na kivuko pale watoto wanapovukia

Dada Rehema: Haya chaki naleta mimi 😊 tisheti nimeziacha

Mama Shufaa: Samahani mi nauliza, mwenye baibui anaweza kweli? Nilikuwa naendesha Tanga nikiwa msichana, huku sijawahi, naogopa

Fundi Baiskeli: Unaweza mama Shufaa, ninayo moja ya kike ile isiyo na mtalimbo juu, cheni nitaifunika na kava nguo isinase. Njoo jioni uijaribu hapa uwanjani kwanza. Na wote nisikilizeni, leteni baiskeli Ijumaa na Jumamosi nikague breki, cheni na upepo, bure. Pancha naziba bure, tyubu mpya mtu anunue. Isiyo na breki siiruhusu itoke, kutoka Kimara kushuka Ubungo ule mteremko si wa mchezo

Mama Shufaa: Nakuja kesho inshallah

Babu Salehe: Mimi magoti yamegoma. Nitakaa Magomeni na ndoo za maji na machungwa niwasubiri

Mama Imani: Babu Mungu akuweke

*Asubuhi*

Baba wa Mikate: Asalaam aleikum. Leo nimehesabu kutoka nyumbani mpaka Manzese. Miaka yote napita sikuwahi kuhesabu. Nimeshuka mara 11. Kurudi sijahesabu mvua ilinikuta njiani

Mama Imani: Waaleikum salaam baba. 11

Kaka Frank: Naanza nayo barua, mstari wa kwanza kabisa

Mjumbe: Mwenyekiti kakubali, muhuri saa nne. Fundi nipitie na pampu, ya kwangu imelala tangu Pasaka