Naomba ushauri: majengo ya zamani ya Chuo Kikuu cha Nairobi

Ndugu zangu, hamjambo. Nataka kuandika historia ya majengo ya zamani katika bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, hasa lile la Gandhi, lililotokana na michango ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1956, kikiitwa Royal Technical College. Chuo kikuu kamili kikazaliwa 1970. Maelfu hupita hapo wakikimbilia darasani bila kujua haya, na inaniuma kweli.

Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue nitaenda. Ila michoro ya awali ya majengo huhifadhiwa wapi? Kibali cha kupiga picha ndani huombwa kwa nani? Na kama mzazi wako alisoma hapo miaka ya 60, tafadhali niunganishe naye.