Kuuza ndizi sokoni si ruhusa ya kurekodiwa: wapiga picha wa simu hapa Mbeya, mmevuka mpaka

Ndugu zangu wa Mbeya na wa Nyanda za Juu Kusini kwa jumla, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Nalalamikia tabia iliyoota mizizi mjini kwetu, ya mtu kutoa simu, kumrekodi mtu asiyemfahamu akiwa katika shughuli zake, kisha kuirusha video hiyo TikTok na kwenye makundi ya WhatsApp bila kumwomba ruhusa mwenye sura, na akiulizwa anajibu kwamba pale palikuwa hadharani, hivyo hakuna kosa. Jibu hilo limekuwa kichaka cha kila anayelaumiwa. Kwa maoni yangu ni jibu lisilo na haki ndani yake, na nitaeleza kwa nini.

Kilichonifanya niandike ni jambo lililompata mama mmoja jirani yetu, ambaye tuko naye kwenye kikoba kimoja. Anauza ndizi Mwanjelwa, ndizi zinazoshuka usiku kutoka Rungwe, na mwenye kuijua biashara hiyo anajua kwamba asiyewahi magari kabla ya alfajiri ataambulia mikungu iliyokataliwa na wenzake. Mchana mmoja wa mwezi wa sita, baridi ikiwa ile tunayoijua, alijifunika kitenge juu ya sweta, akaegemea mzigo wake, akasinzia. Kijana mmoja akamrekodi kwa karibu, mdomo ukiwa wazi na kitambaa cha kichwani kimelegea, akaweka muziki na maneno ya kejeli kwamba hawa ndio wanaolalamika maisha magumu ilhali wanalala saa za kazi. Video hiyo ilizunguka. Ilifika shuleni kwa mwanawe, ambako wanafunzi wenzake walikuwa wakilaza shingo na kufungua midomo kila anapopita. Ilifika kwa wateja, waliokuja kumuuliza kama ni yeye yule wa video, na baadhi yao hawakuwa wamekuja kununua chochote.

Alipompata kijana huyo, maana sokoni watu wanafahamiana, alimuuliza kwa upole: "Mwanangu, nilikukosea nini?" Kijana akamjibu: "Mama, hapa ni hadharani, kila mtu anaruhusiwa kupiga picha." Hakumwamkia, hakumwomba radhi, na video hakuifuta.

Sasa tuitazame hoja hiyo ya hadharani kama wenyewe wanavyoitoa. Wanasema kwamba mtu akishatoka nyumbani kwake amekubali kuonekana, na kamera haifanyi zaidi ya macho. Si kweli. Mpita njia aliyemwona yule mama akisinzia alimwona kwa muda mfupi, akiwa pale pale, akiuona pia mzigo wa ndizi, akiisikia baridi ile ile, na pengine akikumbuka kwamba mwenyewe aliamka usiku. Alipopiga hatua mbili alikuwa amekwisha kusahau. Aliyeitazama video hiyo akiwa Tunduma au Dar es Salaam hakuona usiku uliotangulia, aliona mdomo wazi na maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine, na anaweza kuirudia mara nyingi kadiri apendavyo, kesho na mwaka kesho, na kuwatumia watu ambao mama huyo hatawajua kamwe. Kukubali kuonekana na watu walioko sokoni ni jambo moja. Kukubali sura yako iwe mali ya kila mwenye bando ni jambo jingine kabisa, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali hilo la pili.

Lakini kinachonikera zaidi ni namna hoja hiyo inavyowaangukia watu wa aina moja tu. Tazameni video hizo zinazosambaa, mwone ni akina nani wanaorekodiwa. Ni mama lishe, ni machinga, ni mpiga debe aliyegombana na abiria, ni bodaboda aliyeanguka kwenye tope, ni mlevi aliyelala mtaroni, ni mama aliyekaa chini nje ya hospitali akilia. Mwenye gari lenye vioo vyeusi anasinzia pia mchana, tena mara nyingi, lakini anasinzia ofisini mlango ukiwa umefungwa. Mwenye nyumba yenye ukuta anagombana na mkewe, lakini ugomvi wao unabaki ndani ya geti. Kwa mtu anayefanya kazi barabarani, anayekula barabarani, anayenyonyesha mtoto barabarani kwa sababu hana pengine pa kumwacha, hadharani ndiyo ofisi yake na ndiyo jiko lake. Kumwambia kwamba akitaka kuheshimiwa abaki ndani ni kumwambia aache kula. Kwa hiyo anayesema kwamba hadharani hakuna faragha anasema, atake asitake, kwamba faragha ni ya wenye kuta peke yao.

Wapo wanaonyonywa kuliko huyo mama. Wagonjwa wa akili wanaozunguka kwenye stendi zetu wamegeuzwa mtaji. Kijana anamfuata mgonjwa, anamchokoza kwa maswali, anamchezesha kwa soda, anarekodi, kisha anahesabu wafuasi. Mtu huyo hawezi hata kuelewa anachofanyiwa, achilia mbali kukikubali, na nyumbani kwao ana mama, ana dada, ana watoto wanaoiona video hiyo na kuumia. Wapo pia wanaogawa mikate na daftari kwa watoto wa mitaani huku kamera ikisogezwa usoni mwa mtoto hadi machozi yaonekane. Nauliza, mtoto mwenye njaa aliyepewa mkate kwa sharti la kurekodiwa amekubali nini hasa? Akiwa mtu mzima, akitafuta kazi au mchumba, sura yake ya siku ile itakuwa bado inazunguka.

Kuhusu ajali, ni aibu kubwa. Barabara kuu yetu ina miteremko mibaya, kuanzia Kitonga kule Iringa hadi Iwambi hapa kwetu, na ajali inapotokea simu huinuliwa kabla ya mikono. Watu wanarekodi majeruhi akiomba maji. Wanarekodi maiti kabla hazijafunikwa, tena bila kuficha nyuso. Katika ukoo wetu yupo mtu aliyejua kifo cha mdogo wake kwa kuitambua shati kwenye picha iliyotumwa katika kundi la wafanyabiashara wenzake, wakati wazee bado wanatafuta namna ya kumwambia. Ninyi mnaotuma picha hizo mnadai kwamba mnatoa taarifa. Taarifa ni mahali ilipotokea ajali, aina ya gari, hospitali walikopelekwa majeruhi. Uso wa marehemu haumsaidii mtu yeyote kufika salama. Na misibani je? Msiba wa Rungwe au Kyela hujaza watu, na kilio chake ni cha wazi, akina mama hujitupa chini na kulia kwa sauti bila kuona haya, kwa sababu tangu zamani waliokuwapo walikuwa ni watu waliokuja kulia nao. Sasa pembeni pamesimama watu walioshika simu, na mfiwa anapaswa kufikiri jinsi atakavyoonekana.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni hisia tu na sheria haisemi kitu. Inasema. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake, na haikuandika kwamba haki hiyo inaishia kwenye kizingiti cha mlango. Wanaokimbilia uhuru wa maoni wa Ibara ya 18 waendelee kusoma hadi Ibara ya 30, inayokataza mtu kutumia haki yake kwa namna inayovuruga haki za wenzake. Zaidi ya hapo, Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na ikaunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yenye jukumu la kupokea na kuchunguza malalamiko. Taarifa za watoto zimewekwa na sheria hiyo miongoni mwa taarifa nyeti. Wenye kurasa zinazoingiza fedha kwa sura za watu wasioombwa ruhusa wasidhani kwamba wako nje ya macho ya sheria kwa kuwa tu hawana ofisi.

Nje ya nchi jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1898, alipofariki Bismarck, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, wapiga picha wawili walipenya usiku ndani ya chumba alimolazwa, wakampiga picha akiwa maiti ili waiuze, na mjadala uliofuata ulichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1907 ambayo hadi leo inataka picha ya mtu isisambazwe bila ridhaa yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kesi inayofanana zaidi na ya jirani yangu ni ya Kanada. Msichana wa miaka 17 alipigwa picha akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo mjini Montreal, mahali palipo wazi kabisa, picha ikachapishwa kwenye jarida bila yeye kujua, na wenzake wakamcheka. Hakuwa uchi, hakuwa akifanya jambo la aibu, na jarida halikumtukana. Bado Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema mwaka 1998 kwamba haki yake ilivunjwa, ikaiacha isimame fidia ya dola 2,000 aliyokwisha kupewa. Huko Japani kampuni za simu zilikubaliana tangu zamani kwamba kamera ya simu itoe mlio ambao mwenye simu hawezi kuuzima, ili anayepigwa picha asikie. Simu zetu zinanyamaza, na wengi wenu mnaupenda ukimya huo.

Nisieleweke vibaya, maana najua kuna watakaotaka kuupotosha uzi huu. Sisemi kamera zifungwe. Mtumishi wa umma anayedai rushwa akiwa kazini, askari anayempiga raia, kondakta anayemsukuma mwanafunzi nje ya daladala, hao warekodiwe, kwa sababu wanatumia nguvu juu ya wengine na mara nyingi video ndiyo shahidi pekee wa mnyonge. Hata hapo, video ipelekwe mahali patakapochukuliwa hatua, na uso wa aliyeonewa ufichwe kama hajakubali kuonyeshwa. Wala sina ugomvi na anayepiga picha ya Mlima Loleza au ya mtaa wenye watu wengi wanaopita, ambamo hakuna aliyechaguliwa. Ugomvi wangu uko pale kamera inapomchagua mtu mmoja, ikamsogelea, ikachukua udhaifu wake, na mwenye kamera akaondoka bila kusema neno. Kipimo si kigumu. Kama unaona haya kumsogelea na kumwambia, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha, nitaiweka mahali fulani," basi unajua tayari kwamba angekataa, na umechukua kwa siri kile ulichojua usingepewa.

Na hapa niwaseme pia wasambazaji, wasijione wasafi. Aliyerekodi ni mmoja. Waliomfikisha yule mtoto kwenye kejeli za darasani ni watu wazima, wazazi, wengine viongozi wa dini na walimu, waliobonyeza kitufe cha kutuma huku wakicheka. Katika kundi letu la mtaa video ile ilitumwa na mtu anayenunua ndizi kwa mama huyo huyo.

Nataka mambo yafuatayo, na nayasema kwa uzito. Wenye kurasa za burudani za hapa Mbeya, futeni video zote za watu mliowarekodi bila ridhaa, mkianza na za wagonjwa wa akili na za watoto, na mtu akija kuomba yake ifutwe msimtake kwanza athibitishe kwamba ameumia. Uongozi wa masoko na wa stendi uweke katazo hilo kwenye mbao za matangazo na ulisimamie, kama unavyosimamia ushuru bila kusahau hata siku moja. Hospitali nazo ziwazuie watu kurekodi wagonjwa kwenye foleni na wodini. Nimeona video iliyochukuliwa ndani ya hospitali moja ya hapa mjini, mgonjwa akiwa nusu uchi kitandani, na wahudumu wakipita nyuma bila kumzuia aliyeshika simu. Wasimamizi wa makundi ya WhatsApp, anayetuma picha ya maiti aondolewe siku hiyo hiyo, hata akiwa mtu mwenye cheo.

Yule mama amehamia sehemu nyingine ya soko ambako wateja wake wa zamani hawampati, na mauzo yake yameshuka. Tumekubaliana kwenye kikoba kwamba tutamsaidia kuandika malalamiko na kuyapeleka Tume. Kama yumo humu mwanasheria au mtu aliyekwisha kupeleka malalamiko ya namna hii, naomba aeleze hapa chini ni vielelezo gani vinatakiwa, na kama nakala ya video iliyohifadhiwa kwenye simu ya mtu mwingine inakubalika, kwa sababu kijana yule ameanza kubadilisha jina la ukurasa wake.