Fomu ya Neema na nyumba ya Soni

Kikundi: FAMILIA YA SONI
Jumamosi, 13 Aprili 2024

Baba: Neema. Nimesikia kwa Yona kwamba unajaza fomu ya serikali ya huko California inayosema wazazi wako hawana nyumba. Ni kweli?

Yona: Shikamoo Baba. Sikusema hivyo, nilisema kuna mpango wa kuwasaidia watu ambao wazazi wao

Yona: samahani, imejituma kabla sijamaliza

Baba: Marahaba. Nimemuuliza Neema.

Mama Mkubwa: Neema upo mwanangu? Huko saa hizi ni saa ngapi?

Neema: Shikamoo Baba, shikamoo Mama Mkubwa. Nipo. Huku ni saa 3 asubuhi, ndiyo nimetoka zamu ya usiku.

Neema: Baba, sijaijaza. Nimeifungua mara tatu nikaifunga, kwa sababu ya hilo hilo unaloniuliza.

Baba: Nyumba yetu ya hapa nyumbani Soni nimeijenga miaka sita. Matofali tumefyatua na kuchoma wenyewe, wewe ukiwa darasa la pili unabeba maji kutoka mtoni. Bati la mwisho tumepiga mwaka 1996. Hati iko kabatini. Siwezi kuwa na mtoto anayeandika kwamba baba yake hana nyumba ili apewe hela.

Mama: Baba Yona, mwache aeleze kwanza.

Neema: Asante Mama. Baba, naandika taratibu ili nisikosee.

Neema: Mpango unaitwa Dream For All. Unasimamiwa na shirika la nyumba la jimbo, CalHFA. Mtu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza wanampa kianzio, yaani ile hela ya kwanza mnunuzi anayotoa mwenyewe juu ya mkopo wa benki, hadi asilimia 20 ya bei, ila isizidi dola 150,000. Mwaka huu wameongeza sharti: kati ya wanunuzi, angalau mmoja awe wa kizazi cha kwanza kumiliki nyumba. Yaani wazazi wake hawamiliki nyumba NCHINI MAREKANI, na kama wamefariki, hawakuwa nayo huku walipofariki. Ndivyo ilivyoandikwa, Marekani. Nyumba ya Soni hawaiulizi.

Baba: Una uhakika kwamba wameandika Marekani?

Neema: Nimesoma mwenyewe Baba, na jana nimempigia mshauri wa nyumba akanisomea tena. Mimi nilikuwa na hofu kama yako. Nilisema kama sharti ni niikane nyumba ya Soni, basi tuendelee kukaa nyumba ya kupanga.

Mama Mkubwa: 🙏🏾

Yona: Na mimi je? Nina nyumba hapa Houston. Haitamharibia?

Neema: Haiharibu. Wanaangalia wazazi, hawaangalii kaka wala dada. Na sisi wenyewe, mimi na Elia, tusiwe na nyumba. Hatuna.

Baba: Sasa nieleze. Serikali inataka nini na wazazi? Anayenunua si wewe?

Elia: Shikamoo Baba. Naomba nijibu hilo kwa niaba ya mke wangu, macho yanamfunga. Huku kijana akitaka nyumba, mara nyingi wazazi ndio wanamshika mkono. Wana nyumba yao waliyonunua miaka 30 iliyopita, imepanda thamani, wanakopa juu yake wanampa mtoto kianzio. Mtoto wa mgeni, au wa mtu aliyeishi nyumba ya kupanga maisha yote, hana pa kushika. Kazi anayo, kodi kubwa ya nyumba analipa kila mwezi, lakini kile kianzio hakifikii. Pale kazini kwenye mabasi tuko wengi wa namna hiyo.

Baba: Mimi niliuza ng'ombe wawili asome uuguzi.

Neema: Najua Baba. Ndiyo maana leo naweza hata kuongea na benki.

Baba: Endelea.

Mama Mkubwa: Hiyo hela ni ya bure au mkopo? Semeni ukweli, maana vya bure vina wenyewe

Neema: Ni mkopo Mama Mkubwa, na hapa ndipo nataka wote mnisikilize, kwa sababu wapo watu huku wanaitangaza kama zawadi. Hulipi kila mwezi. Unalipa siku ukiuza nyumba, ukibadilisha ule mkopo mkubwa wa benki kwa mkopo mpya, au nyumba ikihamia kwa mtu mwingine. Siku hiyo unarudisha kianzio chote pamoja na fungu la thamani iliyoongezeka.

Neema: Tuseme fleti ni dola 600,000. Wanatoa 120,000. Tukiuza kwa 700,000, imeongezeka 100,000. Tunarudisha 120,000 na asilimia 20 ya hiyo laki, yaani 20,000. Jumla 140,000. Wenye kipato cha chini zaidi fungu lao ni asilimia 15. Isipopanda, tunarudisha 120,000 basi.

Yona: Ikipanda sana mtaumia. Mimi nilianza na asilimia 3.5 tu, nikabana, lakini kinachopanda ni changu chote.

Elia: Kaka, wewe ulinunua Houston. Huku San Diego bei ni nyingine kabisa. Tukiweka asilimia 20 hatulipi bima ya mkopo, na rejesho la mwezi linashuka. Tumepiga hesabu, bila huu mpango tunahitaji miaka mingine minane ya kuweka akiba, na bei hazitatusubiri.

Yona: Hapo sina la kusema.

Mama: Tukuchangie basi. Kikoba chetu kinavunjwa Juni, nina fungu langu.

Neema: Mama jamani 😢

Neema: Asante Mama, lakini usitume chochote bila kuniambia. Benki inapekua kila hela kubwa inayoingia kwenye akaunti. Anayetoa anaandika barua kwamba ni zawadi, hadai, na wanataka kuona imetoka wapi. Hela ikipita kwa simu ya mtu, halafu kwa mtu mwingine, tutashindwa kuieleza.

Mama: Nimeelewa.

Mama Mkubwa: Na mkijaza mnapata lini?

Elia: Kujaza si kupata. Mwaka jana waliofika mapema ndio walipata, na fungu lote likaisha ndani ya siku 11. Sasa wanachezesha bahati nasibu kwa kompyuta. Jina likitoka, unapewa vocha na siku 90 za kutafuta nyumba na kusaini mkataba na muuzaji. Kabla ya hapo uwe na barua ya mkopeshaji anayetambuliwa na CalHFA, kwamba yuko tayari kukukopesha. Tunayo tayari, imetoka Jumatano.

Mama Mkubwa: Wageni mnaruhusiwa?

Neema: Wenye grini kadi ndiyo, sisi tunayo. Hata jirani yetu Mkongo aliyeletwa kama mkimbizi anaruhusiwa. Nimemwambia ajaze. Naye alikuwa ameacha, kisa mama yake ana kibanda Uvira.

Baba: Kwa hiyo mko wengi mlioacha kwa sababu hiyo.

Neema: Wengi Baba. Hasa wale wasiotaka kusema uongo.

*Baba anaandika...*

Baba: Mwisho wa kujaza ni lini?

Neema: Aprili 29.

Baba: Kuna muda. Leo lala. Kesho nikitoka ibadani nipigie, unisomee fomu yote kwa Kiswahili, kipengele kwa kipengele. Pale panaposema Marekani nataka nipasikie mara mbili. Halafu ujaze mimi nikiwa kwenye simu.

Neema: Sawa Baba. Nitapiga.

Mama: Vyumba vingapi hiyo fleti? Nauliza tu, tukija.

Elia: Viwili Mama. Na sebule pana 😊